Siku Theonest Alipompakia Mama Mkwe

Mume wangu wa sasa ni fundi wa kuchomelea vyuma, ana karakana nyuma ya soko la Kasulu, jina lake Theonest. Harusi alifunga na mjukuu wangu Josepha, hilo sikatai, padri alikuwepo na wali ulipikwa. Lakini kwetu Waha mume wa mjukuu ni wa bibi kwanza. Josepha nimemwazima tu. Nikimkuta Theonest amenawiri namshukuru Josepha kwa kunitunzia, nikimkuta amekonda namwambia nitamchukua mwenyewe nimlishe. Theonest hujibu kwamba yuko tayari tangu zamani, anangoja tu nimwonyeshe chumba.

Huyo ndiye ninayetaka kuwasimulia habari zake. Mimi nimeishi sana. Nimewahi kumkuta chui jikoni kwangu anakunywa maji kwenye sufuria, akamaliza, akairudisha mahali pake imetakata kuliko wakamwana wangu wanavyoosha. Nimeona mvua ya Makere ikimnyeshea mbuzi mweusi mpaka jioni akalala mweupe. Kinywa changu hakikufungwa na hayo yote. Kilikuja kufungwa na huyu fundi, mwaka 2014, wakati wa mvua kubwa, tena mbele za watu.

Kwao ni Kibondo. Baba yake alikuwa mtundika mizinga, mtu wa kushinda porini, na mtoto akalelewa hukohuko kwenye ukimya, kwa sababu nyuki hawapendi kelele. Alipoingia Kasulu alikuwa kijana wa kuulizwa jambo asubuhi akajibu jioni, na jibu lenyewe neno moja. Kuchomelea alijifunzia Mtabila, kwenye kambi ya wakimbizi, kwa Mrundi mmoja aitwaye Ndihokubwayo. Huyo Mrundi alikuwa akipewa kopo tupu la mafuta ya msaada anakutolea jiko la kupikia harusi nzima. Mwaka 2012 kambi ikafungwa, Warundi wakapakiwa kwenye malori warudi kwao, na Ndihokubwayo akapanda na nyundo yake amepakata kifuani kama mtoto mchanga. Theonest alisimama barabarani mpaka vumbi likatua. Hawakuwa wameachiana hata namba ya simu. Mwalimu wake akapotea hivyo.

Mwaka uleule akafungua karakana Kasulu, na mteja wake wa kwanza akawa Josepha, fundi cherehani, aliyetaka grili ya dirisha la kibanda chake. Josepha ni mtu wa aina nyingine kabisa. Alizaliwa anaongea. Mkunga alilazimika kumwomba anyamaze kidogo amkate kitovu. Basi alikuwa anakwenda karakana kuulizia grili, anaongea, Theonest anasikiliza, na dirisha lile dogo likachukua muda ambao watu wengine wanajenga kanisa. Grili ilipokwisha tukaletewa posa.

Sasa niwaeleze kuhusu mama mkwe, maana bila hilo hamtaona ukubwa wa jambo. Mama yake Josepha ni Esteri, mjane wa mwanangu. Tunaishi naye Makere, nyumba yangu na yake zinatazamana mlango kwa mlango. Kwetu, mwanamume na mama wa mkewe hawaangaliani usoni. Hawapeani mikono, hawali chumba kimoja. Wakikutana njiani, yeye anaingia kwenye mihogo na mama anavuta kitenge usoni mpaka wapishane. Si chuki, ni heshima, na kadiri unavyompenda ndivyo unavyomkwepa vizuri. Kukiwa na la kusema, anawekwa mtu wa tatu katikati, anasemeshwa yeye, hata kama wenyewe wako hatua mbili na kila mmoja anamsikia mwenzake.

Mtu wa tatu wa Esteri na Theonest nilikuwa mimi. Kazi hiyo niliipenda kuliko chakula. Theonest akija Makere atasimama nje ya uzio, mgongo ameuelekeza nyumbani, aseme: Bibi, nisalimie mama, mwambie nimeleta sukari. Mimi namgeukia Esteri aliyekaa ndani ya mlango, namwambia mkweo anasema sukari hii amewanyang'anya majambazi wenye mapanga, na anauliza kama uzuri wako umezidi au uko palepale. Esteri anakuwa amesikia kila kitu alichosema mkwe wake, na mkwe amesikia kila kitu ninachoongeza, lakini hakuna anayeweza kunisahihisha bila kumsemesha mwenzake. Kwa hiyo wananyamaza, na mimi natawala.

Mambo ya video yalianza mwaka 2013. Mbele ya kibanda cha Josepha kulikuwa na duka la simu la binti mmoja, Shadia, watu wao walitokea Ujiji na kabla ya hapo pwani. Shadia ndiye aliyekuwa na simu ya kupangusa yenye uso mkubwa kama sahani ya chai. Akamwonyesha Josepha jinsi mke na mume wa Dar es Salaam, na wengine wa nchi za mbali, wanavyotegeana mambo magumu mbele ya simu, kisha video inarushwa mtandaoni watu wacheke. Josepha hakungoja aelezwe mara mbili. Mchezo wakauita Thubutu. Kila wiki mmoja anamtegea mwenzake jambo, na anayekataa anapiga magoti mbele ya simu ya Shadia aseme nimeshindwa, dunia nzima ikimwona.

Mnadhani yule bubu wa Kibondo alikataa? Josepha alimwambia avae gauni lake la maua abebe ndoo ya maji kichwani kutoka bombani mpaka stendi. Akavaa, akabeba, na hakumwaga tone, ingawa gauni lilimwishia magotini. Akamwambia ambebe mgongoni na mbeleko kama mtoto, wazunguke soko. Akambeba. Watu waliwafuata mpaka soko likabaki na nyanya peke yake. Theonest naye alimtegea Josepha achomelee geti, na Josepha akalichomelea, geti likawa limepinda namna ambayo mbuzi akipita anatoka amegeuka njia aliyojia. Halafu akamtegea auze siku nzima ya gulio bila kusema neno. Hiyo ndiyo iliyokaribia kumwua. Alivumilia mpaka saa za mchana, akitetemeka kama sufuria iliyofunikwa, na mteja alipokosea kushika kitambaa, Josepha akapasuka. Alipiga magoti siku hiyo. Theonest hakuwahi kupiga.

Shadia aliniletea simu Makere nione. Nilikaa kwenye mkeka wangu, nikamwona mume wangu mle ndani na gauni, mdogo kama senene, anatembea. Nikauliza wanaotazama wako wapi. Shadia akasema kila mahali. Akanisomea walivyoandika. Kulikuwa na mtoto wa Makere aliyeko nchi ambayo maji yanaganda njiani mtu anateleza juu yake. Alisema amecheka mpaka majirani zake wazungu wakagonga mlango. Kulikuwa na watu wa Kigoma mjini, wa Mwanza, wa Dar. Na kulikuwa na mmoja aliyeandika maneno machache: huyu mwenye gauni ni mwanafunzi wangu wa Mtabila, mimi nipo hai, naitwa Ndihokubwayo.

Nilimwomba Shadia arudie kusoma. Milima yote ile, mpaka, malori, vumbi, na mtu amepatikana kwa sababu ya gauni. Shadia alisema Theonest aliposomewa alizima mashine, akavua miwani yake ya kuchomelea, akakaa juu ya geti la mtu na hakuinuka mpaka mwenye geti alipokuja kulichukua. Tangu siku hiyo sikuicheka tena ile simu. Nilikuwa nikiipita naiamkia.

Sasa Esteri. Macho ya Esteri yalikuwa yanafunga. Mtoto wa jicho, yote mawili. Alianza kwa kutia chumvi kwenye chai akasema anaipenda hivyo. Akaja kumpa shikamoo mgomba. Nilimtania siku hiyo, na alicheka, lakini jioni nilimwona amekaa na mkono mbele ya uso wake anaukunjua na kuukunja, anautafuta. Kufika mwaka 2014 alikuwa anajua tu kwamba kumekucha au kumekuchwa. Aliungua kwenye chungu cha maharage, akaficha kidonda ndani ya kitenge. Mwanamke aliyekuwa akichambua mchele kwa mwanga wa mwezi.

Ndipo redio ikatangaza kwamba madaktari wa macho wanapita hospitalini Kasulu kwa siku chache, wanatoa mtoto wa jicho, kisha wanakwenda mikoa mingine. Josepha alikuja mbio Makere kumchukua mama yake. Esteri akakataa. Josepha alilia, alipiga goti, aliongea mpaka kuku wakahamia kwa jirani. Esteri akakataa. Nilidhani anaogopa kisu. Wala. Alituambia sababu yake taratibu, akielekeza uso mahali ambapo hatukuwepo.

"Nikienda Kasulu nitakuwa kwenye mji wa mkwe wangu," alisema. "Mtu anayeona anamwona mkwe anakuja, anajifunika. Mimi sitamwona. Nitamgonga. Nitamkanyaga. Nitakaa namtazama usoni bila kujua. Muda wote huu nimemheshimu, niende nikamvunjie heshima kwa upofu? Niacheni kwangu."

Wenye elimu wangejibu, sisi ni Waha, tulimwelewa mpaka mifupani. Josepha akarudi Kasulu na macho mekundu.

Siku ya mchezo ilipofika ilikuwa zamu yake kutega. Watu walikuwa wanangoja kuona atamtegea nini safari hii, pilipili au sketi. Shadia akainua simu. Josepha akamtazama mumewe.

"Theonest," akasema, "thubutu kumpakia mama yangu kwenye pikipiki yako, umtoe Makere mpaka hospitalini."

Shadia, ambaye ni mtu wa pwani na mambo yetu alikuwa akiyasikia tu, alisema hakuelewa kwa nini watu waliosimama kwenye karakana walirudi nyuma wote kwa pamoja, kama waliomwagiwa maji ya moto. Mama mkwe kwenye pikipiki. Kifua chake mgongoni kwako. Mikono yake kiunoni. Theonest aliweka chini kipande cha chuma alichoshika, polepole sana, na rangi ikamtoka usoni. Hakupiga magoti. Hakusema ndiyo. Aliokota chuma chake akaendelea na kazi.

Video ikaenda. Nasikia mtandao uliwaka. Wasio wa kwetu walicheka, wakasema kumbe mwamba anaogopa bibi kizee. Wa kwetu hawakucheka. Baba zake wadogo walipiga simu kutoka Kibondo, mmoja baada ya mwingine, wakisema ukoo wao haujawahi kuwa na mtu wa namna hiyo, na akithubutu asirudi kuwaamkia. Wengine walimtukana Josepha kwamba anauza heshima ya mama yake kwa vicheko. Mimi Josepha aliniambia kwenye simu, kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo, kwamba hakuwa anacheza. Alisema ule mchezo ndio mahali pekee ambapo mume wake hajawahi kumwambia hapana.

Siku zikapita. Theonest akachomelea mageti. Ikafika siku ya mwisho ya madaktari.

Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Barabara ya kutoka kwetu kwenda Kasulu ilikuwa imekatika kwenye kile kilima cha udongo mwekundu. Lori la mizigo limelala upande, limeziba njia, basi la Kibondo limesimama nyuma yake, na bodaboda zote za Makere zimekwenda kuokota abiria waliokwama. Hakukuwa na chombo. Nilikuwa nimekaa mlangoni kwangu, Esteri kwenye wake, na wote wawili tulikuwa tunajua ni siku gani. Nikasikia pikipiki. Ikaja mpaka kwenye uzio, ikazimwa. Theonest akashuka, tope mpaka kwenye nyusi, akaugeuzia mgongo nyumba yetu.

"Bibi," akasema, "mwambie mama nimekuja kumpeleka."

Esteri alisikia. Aliguna kwanza. Akaniambia nimshukuru, nimwambie arudi taratibu, barabara ni mbaya.

"Mama yako anatafuta viatu," nikamwambia Theonest.

Esteri akakohoa kikohozi cha hasira. Akasema, Mama, mwambie siendi.

"Anauliza kama njiani kuna baridi."

Theonest hakugeuka, lakini niliona masikio yake yanacheka. Akasema nimwambie mama amemletea koti.

Hapo Esteri aliingia ndani akasukuma mlango, na mimi nikaona mchezo wangu umefika mwisho wake na jua linapanda. Theonest akasema maneno mengi kuliko niliyowahi kumsikia akisema.

"Bibi, haya usiongeze kitu. Mwambie mama namkwepa kwa sababu yeye anaona nikimkwepa. Hiyo ndiyo heshima yangu kwake, anaiona. Sasa akiwa haoni, mimi ninamkwepa nani? Nitakuwa naingia kwenye mihogo kama mwizi tu. Mwambie aende apate macho, arudi tukwepane vizuri."

Sikuongeza kitu. Sikurudia hata neno. Mlango ulikuwa mwembamba na alikuwa amesikia. Nilibaki natazama mgongo wa yule mtu na nywele zangu zimesimama chini ya kilemba. Nimesikia mapadri, nimesikia wagombea ubunge, nimesikia na wanaotoa majini. Sijawahi kusikia mtu akisema jambo likaingia mahali pake namna ile, kama komeo kwenye tundu lake.

Ndani nikasikia mtu anapapasa chini. Kisha Esteri akaniuliza kiatu chake cha pili kiko wapi.

Tulipanda mshikaki. Theonest mbele, mimi katikati, Esteri nyuma na kitenge amejifunika mpaka mdomoni. Mimi nilikuwa ukuta. Nilimkumbatia mume wangu kiunoni kwa nguvu zote na kumwambia aendeshe taratibu nifaidi. Esteri alinishika mimi. Heshima ilikuwa imekaa vizuri kabisa, hakuna aliyemgusa mwenzake, na nilijiona nimewashinda baba wadogo wote wa Kibondo.

Tukafika kilimani. Jamani, lile tope. Ng'ombe angezama zikabaki pembe za kuning'inizia kofia. Watu wa basi walikuwa wamejipanga pembeni na mizigo yao. Kati ya lori na korongo palibaki kijia kimoja, chembamba, kinapanda juu kama ngazi. Juu kabisa, upande wa Kasulu, niliona gauni la Josepha na ushungi wa Shadia. Asubuhi walimkosa Theonest karakana, wakajua, wakaja kwa bodaboda mpaka mahali ilipogomea. Shadia ameinua simu.

Theonest akakazana. Pikipiki ikalia, gurudumu likazunguka palepale likitupaka tope, ikarudi nyuma kidogo. Akajaribu tena. Ikarudi tena, na mguu wake ukateleza kuelekea korongoni. Watatu tulikuwa wengi. Kumshusha Esteri atembee haikuwezekana. Mwenye macho alipita pale kwa kutambaa. Theonest alikuwa amekwishajua kwamba wa kushuka ni mimi, na ndiyo maana hakusema. Alishikilia pikipiki, miguu ndani ya tope, akatazama mbele.

Nikateleza nikashuka. Sikuaga.

Esteri alibaki na mikono yake hewani, mahali nilipokuwa. Akaita, "Mama?" Nikamjibu niko hapa, na sauti yangu ikatokea chini, akaelewa. Mikono ile ikaganda. Kati ya kifua chake na mgongo wa mkwe wake kulikuwa na pengo la kukaa bibi mmoja.

"Bibi," Theonest akasema, bila kugeuka, "mwambie mama ashike."

Sikumwambia. Wala haikuwa ujanja, kinywa chenyewe kilikataa. Watu wa basi waliweka mizigo chini. Walikuwa Waha wengi wao, walijua wanachokiona. Kuna mzee alivua kofia. Dereva wa lori, mtu wa mkoa mwingine, akauliza kwa sauti kuna msiba gani, akanyamazishwa. Hata mvua iliyokuwa inadondoka kutoka kwenye majani ilisimama. Hiyo mnaweza kunikatalia, lakini mimi nilikuwepo.

Mkono wa Esteri ukasogea. Ulikwenda kama anavyokwenda mtu anayetafuta kibiriti gizani, ukagusa koti, ukaruka nyuma kana kwamba limemchoma, ukarudi. Ukashika. Halafu wa pili. Akalaza paji la uso mgongoni kwa mkwe wake, maana lazima uinamie mbele pikipiki inapopanda, na Theonest akaondoka.

Walipanda. Tope lilikuwa linaruka pande zote mbili kama mabawa. Pikipiki iliyumba kuelekea korongoni, watu wakashika vichwa, ikarudi, ikashika udongo mgumu, ikazidi kuwa ndogo, ikafika juu. Mimi nilikuwa nimesimama nimezama mpaka magotini na sikuhisi. Wapakiaji wa lori walikuja kunibeba juujuu kama bibi harusi mpaka kwa Josepha, nikashindwa hata kuwachagulia maneno.

Kuhusu video, Shadia aliirusha siku ileile, na mnajua watu walisema nini? Walisema ni uongo. Esteri alikuwa amejifunika gubigubi, akaonekana kama furushi. Wakaandika kwamba Theonest amefunga gunia la maharage kwa kitenge, hakuna mwanamume wa Kigoma anayeweza kumpakia mama mkwe. Josepha alitaka kuwajibu wote. Theonest akamwambia awaache, furushi ndilo alilotaka waone.

Madaktari walimfanyia Esteri upasuaji wa jicho moja alasiri ileile, akiwa wa mwisho kabisa kwenye mstari, akalala wodini na mimi nikalala chini ya kitanda chake. Asubuhi muuguzi akaja kufungua bandeji. Josepha alikuwa kwenye cherehani yake, alisema akikaa pale atazimia. Theonest ndiye aliyekuwepo, lakini nje, kwenye veranda ya wodi, chini ya dirisha letu lililo wazi, mgongo wake umetuelekea. Alikuwa amekuja hata hakujakucha, na hakutuma salamu.

Bandeji ikatoka. Esteri alifumba kwanza, akang'ang'ania mkono wangu. Akafumbua. Akatazama ukuta, akatazama vidole vya muuguzi akavitaja vilivyo. Akanitazama mimi, akasema nimezeeka vibaya. Kisha akatazama dirishani, akakaa anatazama muda mrefu.

"Mama," akaninong'oneza, "ni huyo? Ndiye aliyenipandisha kile kilima? Mbona mwembamba hivyo?"

Muda wote alikuwa anakijua kikohozi chake, na mlio wa pikipiki yake, na sukari yake. Alikuwa amemjenga kichwani mtu mwenye mabega ya kubebea lori. Nilianza kufikiria uongo mzuri wa kumpelekea Theonest, kwamba mama yako anasema umependeza, anasema ukate nywele. Kinywa nilikuwa nimekwishafungua.

"Mwanangu," Esteri akasema. "Umekula?"

Nikageuka kuona anamsemesha nani. Hakuwa anamsemesha yeyote mle ndani.

Nje mgongo ule ulikakamaa. Muuguzi, ambaye alikuwa wa kwetu, aliacha kukunja bandeji.

"Bado, mama," akajibu Theonest.

Esteri alikuwa ameletewa kiazi kitamu na uji. Akakimega kiazi katikati, akainuka mwenyewe bila kushikwa, akaenda mpaka dirishani, akakiweka kipande kikubwa kwenye ukingo wa nje. Akarudi nyuma hatua mbili, akavuta kitenge usoni, akaacha upenyo wa lile jicho. Theonest, bila kugeuza kichwa, akapeleka mkono nyuma, akapapasa ukingo wa dirisha, akapapasa saruji, akakikosa.

"Kushoto kidogo," Esteri akamwambia.